Korongo Aliyerudi na Mshale Shingoni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, ya mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri akaambiwa arudi kesho? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mna roho. Watoto kaeni mbele. Wakubwa kaeni popote, nyinyi hata mkikaa mbele hamsikii.

Hapo zamani za kale, mbali, mbali sana, kaskazini kupita kaskazini unayoijua, palikuwa na kijiji kando ya ziwa. Kijiji cha Wajerumani. Watu wa huko waliwapenda makorongo. Walipandisha gurudumu la mkokoteni juu ya paa, wakalilaza chali, ili Korongo apate pa kujenga. Hawakumwomba kitambulisho. Hawakumwuliza ana uzoefu wa miaka mingapi. Gurudumu hilo, mama, jenga.

Juu ya gurudumu moja waliishi Korongo na mumewe. Korongo alikuwa mweupe pe, mabawa yenye ncha nyeusi, miguu mirefu myekundu kama mtu aliyevaa soksi za sare. Hana sauti. Akifurahi anagonga mdomo, kata-kata-kata. Akikasirika anagonga mdomo, kata-kata-kata. Ukimjua, utatofautisha.

Sasa watu wa huko, pamoja na wanyama wao, wana tabia moja. Wakiona vitu viwili vimeshikana, na majina wanayashikanisha, kama mabehewa ya treni. Kiatu cha mkono, yaani glavu, wanaitaja kwa pumzi moja: Handschuh! Chura mwenye ngao, yaani kobe: Schildkröte! Nguruwe mwenye miiba, yaani nungunungu: Stachelschwein! Usicheke. Nyumbani kwenu yuko kitindamimba, na hakuna aliyekwenda polisi.

Basi kila mwaka baridi ikibisha hodi, makorongo waliondoka. Vuu! Mabawa juu, safari ya kusini, kwenye jua, kwenye nzige. Kila mwaka joto likirudi, walirudi. Na kila mwaka kijiji kiliuliza: walikuwa wapi?

Aliyejibu ni Profesa Bundi.

Bundi aliishi darini, ndani ya ghala la ngano. Macho kama visahani vya chai. Hakuwahi kuvuka ziwa. Hakuwahi hata kulowesha ukucha. Lakini kitabu alikuwa nacho, kinene hivi! Ukurasa wa arobaini uliandikwa: *Wakati wa baridi, korongo hulala chini ya matope ya ziwa.*

Nani alimwambia? Chura alimwambia. Chura ndiye alalaye matopeni kweli, baridi nzima. Akatoka siku moja akijifuta macho, akasema, "Profesa, mimi nawaona huko chini kila mwaka. Wamejipanga kama samaki kwenye kopo. Wanakoroma, Profesa!"

"Research nzuri sana," Bundi akasema, akaandika.

Watoto, korongo anakula nini?

Vyura!

Ala! Kumbe hata mtoto wa chekechea anajua. Profesa hakujiuliza. Hakujiuliza ni nani atakayefaidika korongo wakiingia ziwani.

Bundi akafungua shule ya makinda. Makinda wakasoma ukurasa wa arobaini, wakaukariri, wakaufaulu. Baridi ilipokuja, makinda wawili wa jirani yake Korongo walisema, hatuendi safari, tumesoma. Wakaingia ziwani. Chubwi! Chubwi! Hawakutoka. Bundi akachungulia maji kutoka ukingoni, akaandika: *Wamelala vizuri.* Mama yao aligonga mdomo siku mbili, mchana kutwa, mpaka ncha ikakatika.

Korongo akaenda ghalani.

"Profesa, hakuna korongo alalaye matopeni. Sisi tunakwenda kusini."

"Kusini wapi?"

"Nyikani. Kuna mto unaitwa Tiva. Mvua zikinyesha una maji. Zikikatika ni mchanga mtupu, ndovu wanachimba kwa miguu wapate kunywa."

"Mto wa mchanga," Bundi akasema. "Ja, ja, ndiyo mama. Chura, andika: mgonjwa anaweweseka."

"Nimeuona kwa macho yangu!"

"Macho si ushahidi, my dear. Evidence! Niletee kitu kimoja tu kisicho cha huku. Kimoja, nami nitafuta ukurasa."

Kitu kimoja. Rahisi, sivyo? Basi sikieni. Mwaka wa kwanza Korongo alibeba ganda la mgunga mdomoni. Alipofika Mto Nili kiu ikamkaba, akafungua mdomo anywe, ganda likaanguka, pu! Mwaka wa pili alibeba konokono. Jangwani njaa ikamshika, akameza ushahidi. Korongo ana mdomo mmoja. Mdomo wa kubebea ndio wa kunywea. Na baina ya nyika na ziwa lile hakuna anayefika bila kunywa.

Kila mwaka Bundi aliuliza, "Umeleta?" Kila mwaka Korongo alitazama miguu yake. Na kila mwaka chubwi ziliongezeka.

Mwaka wa tatu, Korongo alitua nyikani akaenda moja kwa moja kwa rafiki yake Nungunungu.

"Kaka Nungu, naomba mwiba mmoja."

"Mwiba? Wenzako wanakimbia hii miiba, wewe unaiomba?"

"Nataka kumpelekea profesa."

"Profesa wa nini?"

"Wa makorongo. Ameandika kitabu kizima kuhusu mimi."

"Alikuuliza wewe?"

"Alimwuliza chura."

Nungunungu alicheka mpaka miiba yote ikagongana, cha-cha-cha-cha. "Wueh! Anamsoma korongo kwa mdomo wa chura! Dada, hata fisi angeona aibu. Chukua mwiba, chukua hata miwili. Lakini niambie, utaubeba na nini?"

"Na mdomo."

"Na maji utakunywa na nini?"

Korongo akauchukua mwiba hivyo hivyo, akauficha chini ya jiwe mpaka siku ya safari.

Siku zikaenda, zikaenda. Safari ilipokaribia, nyasi za nyika zikashika moto. Moto ukilia, nzige wanaruka, na nzige wakiruka, makorongo wanakula. Korongo akatembea mbele ya moto, tapa, tapa, akidonoa. Hakumwona mwindaji.

Mwindaji aliitwa Musyimi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kichuguu, upinde mkononi, akimngoja kanga. Kanga akaibuka, kelele tupu kama kawaida yake. Musyimi akavuta. Fyuu! Kanga akainama. Mshale ukapita, ukapita, ukamkuta Korongo. Chup! Ukaingilia upande huu wa shingo, ukatokea upande ule.

Haukugusa koo. Haukugusa mshipa. Wala haukuwa na sumu, maana mshale wa ndege haupakwi. Hiyo ndiyo bahati ya asiye na bahati nyingine.

Lakini wawindaji wa nyika ile wana sheria yao. Kila mmoja hutia alama yake kwenye mshale. Musyimi alikata mikato mitatu chini ya manyoya. Mnyama akienda kuanguka popote, hata uani kwa mtu mwingine, atakayeona mikato mitatu atasema: hii ni nyama ya Musyimi. Hakuna ubishi. Mshale ndio unaosema mwenye mali ni nani. Kwa hiyo Musyimi alijifunga shuka akafuata.

Korongo akaruka, akaanguka. Akaruka, akaanguka. Akafika kichakani kwa Nungunungu, akajitupa ndani. Musyimi akapita karibu, chaka, chaka, wakabana pumzi. Akapita tena kesho yake. Siku ya tatu akasema kwa sauti, "Aa, nitachonga mwingine," akaenda zake.

"Uvute, kaka," Korongo akasema. "Uvute upesi."

"Usiuguse!" Nungunungu akasema. "Mambo ya vitu vyenye ncha niachie mimi. Ukiuvuta, damu inatangulia, roho inafuata. Ukiuacha, nyama itaukumbatia."

"Nitakula?"

"Kidogo kidogo."

"Nitaruka?"

"Vibaya."

"Nitafika?"

Nungunungu akajikuna. "Dada, baki. Nyika ni kubwa, nzige hawaishi. Utakuwa korongo wetu wa hapa hapa. Nani atakulaumu?"

Korongo akafikiri. Kubaki ni kuzuri. Jua zuri, rafiki mzuri, wala hakuna wa kumwita mwongo. Akamfikiria mume wake juu ya gurudumu. Akawafikiria makinda wa kijiji kizima, wamejipanga ukingoni, wanasubiri kupewa ruhusa ya kufa. Akafungua mdomo aseme, naam, nitabaki. Mdomo ukafunguka. Ulikuwa mtupu.

Mdomo mtupu! Na mzigo uko shingoni!

"Kaka Nungu," akasema polepole, "huu hauanguki nikinywa maji."

"Hauanguki."

"Siwezi kuumeza."

"Ujaribu uone."

"Wala si wa kule."

"Dada," Nungunungu akasema, "uliniomba mwiba mmoja, umepewa wa urefu wa mkono. Nenda. Lakini ukifika kwa huyo profesa, mwambie asituletee shule."

Korongo akaondoka.

Aliruka siku moja, akapumzika mbili. Shingo ilikwenda upande, naye akaenda upande. Mto Nili akanywa kwa ubavu, kichwa kimelala kama cha mtu anayesikiliza ukutani. Jangwani mchanga ukampiga machoni. Ndege wengine wakampita, wakageuka, wakamtazama, wakapita. Akavuka bahari akiwa hajui kama amelala au yuko macho. Akaruka. Akaruka. Mpaka siku moja akaona ziwa, akaona paa, akaona gurudumu.

Mumewe alikuwa amesimama juu yake, mkali kama pilipili.

"Siku kumi na tisa! Mke wangu, siku kumi na tisa nalinda hili gurudumu, nimepigana na kila mhuni wa mkoa huu. Ulikuwa... Na hiyo ni nini?"

"Ushahidi."

Mume akazunguka upande wa kulia. Akazunguka upande wa kushoto. "Umeuweka pabaya," akasema, akasogea kumpisha katikati ya gurudumu.

Kesho yake wakaenda ghalani pamoja. Mlangoni pamebandikwa jani: *Profesa yuko semina. Rudini siku ya mahafali.* Mnajua hayo majani. Yamejaa dunia nzima.

Basi Korongo akataga, akaatamia, na mshale wake. Wakatoka makinda watatu, wawili wa kiume, na kitindamimba wa kike. Wakakua, wakaota manyoya, wakaenda shule, maana asiyekwenda anachekwa. Mwalimu wa zamu alikuwa Chura. Alifundisha akiwa ndani ya mtungi wenye mdomo mwembamba. Alisema ni kwa ajili ya afya yake.

Jioni makinda wakarudi. "Mama, mwalimu anasema hiyo ni fimbo uliyojikwaa nayo."

"Ni mshale. Nimetoka nao kusini."

"Mwalimu anasema hakuna kusini."

Hakuna kusini! Kusini imemchoma shingo, imetokea upande wa pili, na bado hakuna kusini! Korongo akagonga mdomo, kata-kata-kata, na si kwa furaha. Wale wawili wa kiume wakainamisha vichwa kwa haya ya kuwa na mama wa namna ile. Kitindamimba alibaki akiutazama mshale.

Siku ya mahafali ikafika. Ukingo wa ziwa ukajaa. Bata wamekuja, kunguru wamekuja, mbweha amekuja ingawa hakualikwa. Bundi amekaa kivulini, macho yamefumba nusu kwa sababu ya mwanga wa mchana. Mbele yake rundo la majani ya mwaloni, yamepigwa mhuri wa ukucha: *Cheti cha Kulala Matopeni, Daraja la Kwanza.* Makinda wa kijiji wamejipanga mstari mmoja, kucha zao zimegusa maji.

"Wahitimu," Bundi akasema, "kwa mamlaka niliyopewa..."

Pu! Korongo akatua kati ya mstari na maji.

"Profesa, uliniambia nilete kitu kimoja."

"Mama, tuko kwenye programu."

"Kimoja, ulisema. Hiki hapa. Njoo ukiangalie, mimi siwezi kukivua."

Bundi akashuka, akasogea, akasogea. Sasa tuseme haki: Bundi alikuwa na makosa kama rundo la kuni, lakini mti aliujua. Alizaliwa ndani ya shina. Akagonga mshale kwa mdomo, ko, ko, ko.

"Si mwaloni," akasema. Akagonga tena. "Si msonobari." Akaulamba. Akafumba macho, akafumbua. "Mti huu... siujui."

Weee! Bata mmoja alitaga yai palepale kwa mshtuko. Profesa hajui!

Bundi akatazama manyoya ya mshale, meusi yenye madoa meupe. "Na ndege huyu hajawahi kupita hapa." Akagusa mikato mitatu. "Na hii imekatwa na mkono. Mkono wa nani?"

"Profesa, usihangaike!" Chura akapaza sauti kutoka mtungini. "Hiyo ni ya matopeni! Huko chini kuna kila kitu. Kuna miti, kuna kuku wa madoa, kuna hata wawindaji. Mimi shahidi! Huyu mama alilala pembeni yangu kabisa!"

"Excuse me, mwalimu," sauti ndogo ikasema. Alikuwa kitindamimba. "Pembeni yako kabisa?"

"Bega kwa bega, mtoto mzuri."

"Baridi nzima?"

"Miezi sita kamili. Hatukutengana hata siku moja."

"Na huko chini mama alikula nini?"

"Hakula chochote. Hakuna chakula kule, ni kulala tu."

"Kwa hiyo alipoamka alikuwa na njaa."

"Njaa? Njaa kali ajabu! Njaa ya..." Chura akasita.

"Basi, mwalimu," kitindamimba akauliza, "mbona wewe uko hai?"

Kata! Korongo mmoja akagonga mdomo kule nyuma. Kata-kata! Wa pili. Kisha ukingo mzima ukalipuka, kata-kata-kata-kata, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Chura akatazama kulia: mdomo. Akatazama kushoto: mdomo. Akachomoka mtungini, nyoronyoro, chubwi! Akaingia matopeni, na safari hii hakutoka kutoa ripoti.

Wote wakamgeukia Bundi. Angeweza kuruka akarudi darini. Angeweza kusema tuunde kamati. Manyoya yake yalilala moja moja, akawa mdogo, mdogo kabisa.

"Nimekosea," akasema.

Wakubwa, mmesikia? Rudieni hilo neno nyumbani kwenu, mzoeshe ulimi.

Bundi akamtafuta kwa macho yule mama wa makinda wawili, mwenye mdomo uliokatika ncha. Akamwinamia mpaka uso ukagusa mchanga. Yule mama hakumjibu. Hakuwa na wajibu wa kumjibu.

Kisha Bundi akainuka, akamtazama Korongo, akautazama mshale. Vitu viwili, vimeshikana. Ugonjwa wa kwao ukampanda.

"Mshale ni Pfeil," akanong'ona. "Korongo ni Storch." Macho yakawaka. "Pfeilstorch!"

"Pfeilstorch!" bata wakaitikia. "Pfeilstorch!" kunguru wakaitikia.

Nanyi semeni. Pfail-shtorkh! Meno yako salama? Haya, tuendelee.

"Yaani," Korongo akasema, "nimevuka jangwa na mti shingoni ili uniite hivyo?"

"Ni heshima, mama. Jina hili litaingia kitabuni."

"Niite upendavyo. Futa ukurasa wa arobaini."

Bundi akafungua kitabu mbele ya wote. Kwa ukucha wake mwenyewe akachana ukurasa wa arobaini, charrr, kutoka juu hadi chini. Juu ya ukurasa mpya akaandika neno lile moja refu, na chini yake: *Huenda kusini. Aliyekwenda ndiye aliyeniambia.*

Vyeti vya majani vikapeperuka, vikaelea ziwani. Hakuna aliyevifuata.

Wiki ile ile baridi ilipumua. Makinda wote wa kijiji wakapanda juu ya mapaa. Kaka wawili wakaja wakajikunyata chini ya bawa la mama yao. "Mama, tusamehe," wakasema. "Tulikuwa tumesoma," akasema mkubwa. Korongo akawagonga vichwa kwa mdomo, taratibu, kata, kata, na hiyo ilikuwa ya furaha.

"Ni mbali?" kitindamimba akauliza.

"Mbali."

"Nikichoka?"

"Utachoka. Halafu utaruka tena."

Vuu! Korongo akatangulia. Upepo ukapita kwenye mshale ukapiga mluzi, fiiii. Milimani ukungu ukawafunika, hakuna aliyemwona mwenziwe. Makinda wakafuata mluzi. Fiiii, kushoto. Fiiii, juu kidogo. Walipotoka upande wa pili wa ukungu, baba yao akawahesabu, akawahesabu tena, maana hakuamini. Hakuna hata mmoja aliyepungua. Na chini yao dunia ilikuwa inaanza kuwa na rangi ya jua.

Na funzo lenyewe ni hili, silifungi kwenye pindo la kanga: aliyekaa asimbishie aliyekwenda. Na wewe mwenye kitabu, kabla hujaandika habari za mtu, muulize mwenyewe. Na anayekuletea habari zake, mtazame vizuri anafaidika nini.

Hadithi yangu imetua hapo. Imekunja mguu mmoja, inapumzika.